Baraka ya Magori

Masatu tumemzika kijijini kwao Kisorya wiki iliyopita, karibu kabisa na ziwa, kwenye udongo ambao wachimbaji waliulalamikia kwamba kila wakichota unajaa maji. Nilikaa upande wa jikoni na wanawake wenzangu nikichambua mchele, maana mkono mtupu msibani unasemwa. Mbele yetu mpwa wake alikuwa amenyanyua simu juu ya vichwa vya watu, anayarusha mazishi moja kwa moja kwa ndugu walioko Mwanza, Dar es Salaam na Uarabuni. "Shangazi wa Oman anaandika poleni," alitangaza, na watu wakaigeukia ile simu wakaitikia "asante, tumeshapoa," kana kwamba shangazi kakaa nao mkekani. Hakuna aliyeshangaa. Mimi peke yangu ndiye niliyeacha kuchambua, nikaangalia ile simu kwa hasira ambayo sikuweza kumweleza mtu. Masatu angeielewa. Mwaka mmoja wa ujana wetu, yeye na mimi tulihangaika kumpelekea mtu mmoja picha ya dakika chache, na sasa naona mtoto anapeleka msiba mzima huku anatafuna karanga.

Ukoo wangu hauna kazi katika habari hii, kwa hiyo nauruka. Itoshe kujua kwamba nilikuwa nimemaliza kozi fupi ya kompyuta, nimepanga chumba Makoko kwa mama mmoja aliyeanika dagaa hadi kwenye ngazi ya mlango wangu, na nimepata kazi kwenye duka la intaneti la Mzee Ramadhani, mjini Musoma. Simu za kupangusa zilikuwa bado habari za kusikia. Mtu akitaka kusoma barua pepe alikuja kwetu, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akangoja ukurasa ufunguke huku anajipepea kwa bahasha. Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu: mbele mashine ya kutoa kopi, katikati kompyuta zilizoelekea ukutani, nyuma kabisa pazia, na nyuma ya pazia meza tuliyolia chakula katikati ya maboksi ya karatasi. Chumba hicho nakikumbuka kuliko nyumba niliyojenga mwenyewe. Mchana mimi nilileta ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, wa kukausha, Masatu alileta njaa, na siku za Ijumaa mke wa Mzee Ramadhani alituletea pilau kwenye hotipoti. Mzee mwenyewe akirudi kutoka msikitini alikuwa anatukuta tumeshagombana.

Tulichogombania kitamchekesha kijana wa leo. Masatu, fundi wetu, alikuwa amepata brauza mpya. Brauza ni lile dirisha la kuingilia mtandaoni, na siku zote kazi yake ilikuwa kufungua kurasa, basi. Hii mpya ilikuja na kitu cha ziada ndani yake: uliweka faili lako kwenye kabati lake, nayo ikakupa anwani, na mtu yeyote popote duniani akifungua anwani hiyo kwenye brauza aliyonayo analichota faili moja kwa moja kutoka kwenye kompyuta yako. Hahitaji kuongeza chochote upande wake. Mimi nilikuwa mtu wa programu za pembeni, zile unazoziweka peke yake kwa kazi moja tu ya kutuma na kushusha mafaili. Nilizizoea chuoni na niliziamini. Umeme ukikatika, programu inakumbuka ilipoishia, na umeme ukirudi inaendelea. Brauza ya Masatu ikizimika ilianza moja, kama mtoto aliyekatizwa kuhesabu.

"Wewe Rebeka unapendaga mizigo," Masatu aliniambia, anachukua furu kwenye sahani yangu bila kuomba. "Kwetu Kisorya mtu anapanda kivuko kimoja, yeye, mke wake, ng'ombe na magunia. Wewe unataka ng'ombe apande cha kwake?"

"Na injini ikigoma katikati ya maji?"

"Tunangoja wote pamoja."

"Ndiyo ninachosema. Mshika mbili moja humponyoka."

Mzee Ramadhani hakuwa upande wa mtu. Programu za pembeni alizipiga marufuku tangu moja ilipomletea virusi, kompyuta zikawa zinajizima na kujiwasha kama zina degedege. Brauza ya Masatu aliivumilia kwa sababu haikudai kitu kingine, lakini aliposikia wateja wanalalamika mtandao mzito, alilifunua pazia akasema, "Masatu, mwanangu, hilo dude lako limeanza tena kunywa laini yangu?" Kisha anakaa, anachukua kijiko, na ugomvi unahamia kwenye mpira. Nikikumbuka sasa naona tulikuwa na raha sana. Hoja zetu hazikuwa na mtu ndani yake bado.

Mtu aliingia kwenye hoja hizo siku ambayo Nyangeta alikuja kutoka kijiji cha Buswahili. Alikuwa dada wa makamo mwenye viatu vya vumbi, na alisimama mlangoni muda mrefu kabla ya kuuliza ni nani hapa anayejua kutuma picha inayotembea. Kaka yake, Magori, alikuwa kwenye nchi ya baridi huko kaskazini, anakata samaki kiwandani. Nyangeta mwenyewe alicheka alipolisema hilo, mtoto wa wafugaji ambaye nyumbani hata supu ya sato alikuwa anaikimbia. Magori aliondoka kwa ugomvi. Siku ya safari mama yake aligeukia ukuta, hakumpa mkono. Sasa mama alikuwa mgonjwa wa koo, ugonjwa umeshaichukua sauti yote, na alikuwa ameonyesha kwa ishara kwamba anataka kumbariki mwanawe kabla hajaondoka duniani.

"Si mpige simu?" niliuliza, kwa ujinga wa mtu mwenye afya.

"Simu ya nini, dada, na mama hana sauti? Kwetu baraka ni ya maziwa. Mzazi anakunywa, anakupulizia, anakuwekea mkono. Wewe unaona kwa macho yako, halafu unaitika, 'Nimepokea.' Na unaitika mzazi akiwa hai. Usipoitika inabakiaga njiani. Haikufikii wewe, na yeye hapumziki."

Tulikwenda Buswahili, mimi na Masatu, na kamera ya duka ambayo kwa kawaida ilipiga harusi. Chumba cha mama kilikuwa na dirisha dogo, kitanda cha kamba, na harufu ya vibuyu vilivyofukizwa moshi. Kwenye kigoda walikuwa wamesimamisha picha ya Magori ya kitambulisho cha shule, ndogo mno, imeegeshwa kwenye kopo. Mama alikuwa mwepesi, amefungwa vitenge viwili, na macho yake yalikuwa makali kuliko ya wote tuliokuwamo. Alikunywa maziwa kwa shida. Akayapulizia ile picha, yakateremka kwenye paji la uso la yule mvulana wa shule, kisha akaweka kiganja juu yake na kukiacha hapo. Halafu akanyanyua uso akaitazama kamera moja kwa moja, bila kuambiwa na mtu. Walitupa ugali wa mtama na maziwa mgando, na Masatu akaula bila kuulizia samaki. Nyuma ya ukuta wa jiko nilisikia shangazi mmoja akimwambia mwenzake, "Iende haraka hiyo picha. Huyu anamngoja tu mwanaye."

Nilidhani kazi imekwisha. Faili lilikuwa zito, barua pepe ikalikataa. Masatu akalipunguza mpaka likawa jepesi, likaenda, na Magori akapiga simu dukani. "Kaka, naona kivuli tu," alisema. "Mtu mwenye kitenge. Anaweza kuwa mama yangu, anaweza kuwa mama yako." Nikashauri tulikate vipande, lakini vipande vilidai programu ya kuviunga upande wa pili, na upande wa pili ndiko tulikokwamia. Magori hakuwa na kompyuta. Alitumia za maktaba ya mji, na kompyuta za maktaba ile zilikuwa na brauza tu, hazikuruhusu mtu kuongeza hata punje. Alimwomba mama mmoja anayehudumu pale, akamweleza habari ya mama yake mzazi, na yule mama akatikisa kichwa kwa huruma kabisa, akampa glasi ya maji. Posta ingechukua wiki nyingi, nasi tuliogopa kwamba mama hana hata moja. Kwa hiyo hoja yangu ilikuwa sahihi na haikuwa na faida. Sisi wa Musoma, na umeme wetu wa kubahatisha, tulihitaji programu ya pembeni inayokumbuka ilipoishia. Yeye huko alikoenda, umeme usikokatika, aliweza kupokea kwa njia ya Masatu tu. Ingekuwa heri tubadilishane nchi.

Tukaweka faili kwenye kabati la brauza, Masatu akamsomea Magori anwani kwa simu, herufi moja moja. Kilichofuata kilikula miezi, kila wiki tukidhani ndiyo ya mwisho. Magori alitoka kiwandani, akaenda maktaba, akaanza kuchota, faili likaenda taratibu, umeme wa Musoma ukakatika, likaanza moja. Lilifika nusu. Siku nyingine lilifika robo tatu, na mimi na Masatu tulikuwa tumesimama nyuma ya kiti kama watu wanaoangalia penati, kioo kikawa cheusi na duka zima likasema "aaah" kwa sauti moja. Betri za akiba za kompyuta zilikuwa zimechoka, zilijua kulia tu. Nyangeta alikuja kila siku ya mnada na kibuyu cha maziwa kwa ajili yetu, akakaa nyuma ya pazia, hakuuliza. Hilo la kutouliza liliniumiza. Nilitamani anitukane.

"Si mlisema mnajua?" aliwahi kusema mara moja, taratibu, na mara moja akaomba radhi.

Aliyetuokoa, au aliyekaribia, ni Mzee Ramadhani. Alimkuta Nyangeta amesinzia mezani, akanivuta pembeni akauliza huyu mama kila siku anataka nini. Hakuna aliyekuwa amemweleza habari yote. Nilipomaliza alifuta miwani. "Jumamosi hatufungulii wateja," alisema. "Nitaleta jenereta ya nyumbani. Laini yote mpeni huyo kijana. Mama ni mama." Masatu alimbusu mkono, jambo ambalo sikuwahi kuliona kwa mtu wa Kisorya.

Jumamosi hiyo Masatu alibaki dukani na mimi nikaenda Buswahili na simu yangu, ili Magori akimaliza kuona apige, nami nimwekee mama simu sikioni asikie anaitika. Ile ndiyo simu pekee iliyokuwa na chaji ya kutosha kuaminiwa siku hiyo. Mtandao ulishika karibu na dirisha tu, kwa hiyo tulisogeza kitanda. Mama alikuwa amepungua tangu nilipomwona. Nyangeta alimfuta uso, akamvalisha kitenge kipya, akamwambia sikioni kwamba leo Magori anaona. Wanawake walikaa sakafuni miguu imenyooshwa, wanasimuliana habari za mvua na za ng'ombe wa jirani aliyevimba tumbo, lakini kila simu ilipolia walinyamaza wote. Masatu alikuwa ananipa habari. "Inakwenda." Baadaye, "Imepita pale ilipokufaga juzi." Baadaye tena, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayecheka, "Rebeka, imebaki kidogo sana. Kidogo sana. Kaeni tayari."

Tukakaa tayari. Nyangeta alimwinua mama akamwegemeza kifuani kwake. Simu haikulia. Mmoja wa wanawake akaanza tena habari ya ng'ombe, akakatiza mwenyewe. Ilipolia alikuwa Masatu, na kabla hajasema nilijua.

"Mzee amezima."

"Amezima nini?"

"Jenereta."

Mtu wa duka la pili, muuza vitenge, alikuwa amefariki asubuhi ile. Mtaa wetu una desturi ambayo hakuna aliyeiandika popote. Maiti ikipita, milango inarudishwa, redio zinazimwa, cherehani zinanyamaza, aliyekaa anasimama. Jenereta ya Mzee Ramadhani ilikuwa barazani inanguruma, na jeneza lilikuwa limeshakata kona.

"Nilimwambia," Masatu alisema. "Nikamwambia, Mzee, imebaki kidogo. Akasema, 'Masatu, maiti inapita.' Akanyoosha mkono akazima."

"Na wewe ukafanyaje?"

"Nikasimama. Nikavua kofia. We ungefanyaje?"

Hilo swali nimekaa nalo miaka yote hii. Nimejaribu kumkasirikia Mzee Ramadhani, nikashindwa, maana ningekuwa pale ningezima mimi kabla yake. Nimejaribu kuikasirikia brauza, nikaona imefanya kazi iliyoelezwa kwenye maelezo yake: imefungwa, imeacha. Nimejaribu hata kumkasirikia marehemu muuza vitenge kwa kuchagua siku, na hapo nikajicheka kwa aibu. Kila mmoja alifanya lililo sawa. Ndiyo maana hakuna pa kushika. Dhuluma ina mtu wa kumnyooshea kidole, lakini sisi tulikuwa tumekaa katikati ya watu wema na jambo letu likafa mikononi mwao.

Jenereta iliwashwa tena jeneza lilipopita, na faili likaanza moja, lakini Magori akapiga. Simu yangu ilikuwa na sauti kubwa, chumba kizima kilimsikia. "Dada, imekatika," alisema. "Na hapa maktaba wanafunga. Wananiambia nitoke."

Nyangeta akanishika mkono, akaisogelea simu. "Magori, sema umepokea."

"Sijaona."

"Sema tu! Mama anakuangalia. Sema!"

Mama alikuwa anaangalia simu. Niliipeleka sikioni kwake. Angeweza kusema. Sisi wote mle ndani tulimwombea aseme. Lakini alikuwa mtoto wa nyumba ile, na ndani ya baraka hapaingizwi uongo. "Mama," alisema, "bado. Bado haijafika, mama."

Mama alisikia. Alifumba macho, akayafumbua, akanyoosha kidole kwenye kibuyu. Nyangeta hakutaka kumpa, maana kumeza kulikuwa kunamtesa, lakini kidole hakikushuka. Akampa. Mama akanywa, nusu ikamwagika kwenye kitenge kipya. Kisha akageuza kichwa, akakusanya nguvu ambazo sijui alizitoa wapi, akaipulizia simu, na mkono wangu ulioishika, akaweka kiganja chake juu ya vyote viwili. Kilikuwa kikavu na cha moto. Nilisikia Magori anasema "Ma—" na sauti ikakatika. Kioo kikawa cheupe, kikazima. Maziwa yalikuwa yameingia.

Nyangeta aliinyakua akaifuta kwa sketi, akaita "Magori! Magori!" kama mtu anayeita ng'ambo ya mto. Tukatoa betri, tukapuliza, tukaianika dirishani. Mama hakuwa anatazama purukushani zetu. Alikuwa anatazama simu tu, kwa subira, anangoja kuitikiwa. Mwanamke mmoja alitoka mbio kuazima simu ya jirani, tukahamishia laini yangu, na mpaka inashika mtandao mama alikuwa ameshaacha kutazama. Nje ng'ombe walikuwa wanarudi zizini na hakuna aliyekwenda kuwafungulia.

Tulimzika. Mzee Ramadhani alikuja na kanzu yake safi, akakaa mbali kidogo na watu, na aliporudi mjini hakuitaja ile Jumamosi tena mpaka nilipoacha kazi. Masatu naye aliacha kubishana. Nilimchokoza siku moja kuhusu brauza na programu, nikitaka tu tuongee kama zamani, akasema, "Yote sawa tu, Rebeka," akaendelea kula. Lile faili hakuliondoa kwenye kabati. Sikumwuliza sababu, na nadhani hakuwa nayo.

Halafu ikaja siku ya kawaida ya katikati ya wiki, umeme ukawaka asubuhi na haukukatika mpaka jioni. Hatukuwa tumeomba, hatukuwa tumengoja. Wateja walikaa, wakasoma barua zao, wakaondoka. Simu ya duka ililia nikiwa naweka karatasi kwenye mashine ya kopi.

"Ni mimi Magori," alisema. "Imefika. Yote."

Sikujua niseme pole au hongera, nikaweka karatasi chini.

"Alinitazama," alisema. "Mwishoni pale. Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Na ile siku nyingine, mkono aliuweka juu ya mkono wako. Nyangeta ameniambia. Kwa hiyo nimefikiri, dada. Naomba niitike kwako. Sina mwingine wa kuitikia."

Nilimwambia kwamba mimi si wa kwao, sijaolewa, sijazaa, sijui lolote la nyumba yao. Alisema anajua. Alisema yuko chumbani kwake, amepiga magoti, na kwao mtoto akishaitika mzazi humjibu neno moja tu, hata kwa midomo bila sauti, ndipo anainuka. Nikamwuliza ni neno gani, nilishike, nilitamke. "Mtoto halisemi neno hilo," alijibu. "Ni la mzazi. Siwezi kukufundisha." Nyuma yangu mteja alikuwa ananyoosha cheti chake, anataka kopi.

"Nimepokea, mama," Magori alisema.

Akangoja. Nilisikia pumzi zake, na kwa mbali gari likipita kwenye mtaa nisioujua. Nilitafuta kichwani mwangu neno lolote la mzazi yeyote niliyewahi kumsikia, na yote yaliyokuja yalikuwa ya kwetu. Nikaishika simu kwa mikono miwili mpaka ilipokatika, na katika muda wote ule sikumsikia akiinuka.